Sikuzaa Mgomba

Mama yangu alilala sakafuni kuanzia masika mpaka karibu na Krismasi, na mimi nilijifunza kuendesha boti kwa sababu hiyo. Watu wanadhani nilipenda. Wananiona na lile begi mgongoni, kasia limechomoza kama mwiko, wanasema, "Kaka, wewe una mambo!" Sina mambo yoyote. Mimi nimezaliwa Mwika, kazi yangu ni kupandisha wageni mlimani, na hadi nafikia umri wa kuota mvi maji mengi kuliko yote niliyowahi kuingia yalikuwa ya beseni.

Mdogo wangu alichukuliwa na mto. Sitautaja jina, kwa sababu mama hataki lisikike ndani ya nyumba, na mimi nje ya nyumba pia sioni faida ya kulitamka. Masika ile mvua ilinyesha kama imelipwa. Mto ukaanza kula banio la mfongo wetu. Mfongo ni mfereji waliouchimba mababu kutoa maji mtoni na kuyaleta vihambani, kwenye kahawa na migomba, na banio ndilo lango lake. Mto ukifurika na banio likavunjika, maji yote yanageuka kuja kwako, hayaulizi. Kwa hiyo wanaume wa ukoo huamka na majembe kwenda kuziba. Mdogo wangu alikuwa kitinda mimba, na kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki nyumbani: nyumba yake, ng'ombe wake, mama yake, na mfongo ukiharibika ni wake vilevile. Hakusubiri mtu. Wenzake walipofika wakiwa bado wanafunga vifungo vya makoti walikuta jembe limesimama kwenye udongo, ukingo umemeguka, na yeye hayupo.

Mimi nilikuwa mlimani na wageni. Niliambiwa kwa simu, mahali ambapo mtandao unakuja na kwenda, nikaelewa mara ya tatu.

Walimtafuta. Ukishapita banio, mto unaingia korongoni, kuta za mwamba pande zote mbili, hakuna njia hata ya mbuzi. Vijana walichungulia kutoka juu wakaona povu tu. Huko chini tambarare watu walipekua mchanga na magogo hadi pale mto unapotanuka na kuwa wa matope. Hawakupata kitu. Ndani ya korongo hakuna aliyetazama, maana hakuna aliyeweza kufika.

Sasa kwetu mtu anazikwa kihambani kwake, kati ya migomba, na juu ya kaburi linapandwa isale, jani letu la heshima. Mpaka azikwe, matanga hayaanuliwi, na mama mfiwa analala chini. Mwili usipopatikana, katika ukoo wetu kuna njia: unakatwa mgomba, unavishwa nguo zake, unazikwa kwa jina lake, watu wananyoa nywele na maisha yanaendelea. Baba mkubwa, ambaye ndiye mkuu wa ukoo, alikuja kumwambia mama kwamba tungoje Desemba, watoto wote wa Dar na Arusha wakirudi nyumbani, tumzike hivyo. Aliongea kwa adabu, kofia mkononi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha chai, ndipo akasema:

"Shemeji, mimi sikuzaa mgomba."

Wakaja wamama wa jumuiya, akaja mzee wa kanisa, akaja na mchungaji mwenyewe. Wote waliambiwa vilevile, wote walikunywa chai. Mama akaendelea kulala kwenye kigodoro chembamba juu ya saruji, na baridi ya Juni ya Mwika si ya mchezo. Kikohozi kikaanza. Kila nilipopanda kumtembelea nilikuta kimeshuka kifuani zaidi. Nilimletea blanketi la mlimani, la kuhimili barafu. Akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kitanda, akalala chini.

Nilitaka mama ainuke pale chini. Sikuwa na haja nyingine duniani, na hata hiyo haikuwa haja ya kunichoma, ilikuwa kama kazi ambayo haijaisha.

Maana mimi nilikuwa sijambo. Wiki ile ile nilirudi kazini. "Pole sana." "Asante, tumeshapoa." Nilikula nilichowekewa. Nilikuwa nimepanga chumba Njoro, Moshi mjini, jirani yangu ana redio yenye sauti ya kupasua kuta, na zamani tuligombana naye sana. Sasa ilikuwa inalia tu na mimi nimekaa. Sikulia hata tone. Shangazi zangu walinong'onezana, "Huyu ana moyo wa jiwe," na mimi niliwasikia nikaona wana hoja. Ukikalia mguu muda mrefu unakufa ganzi, ukiugusa unaona kama ni wa mtu mwingine. Ndivyo nilivyokuwa, mwili mzima, na sikuwa na hamu ya kuunyoosha.

Kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi Moshi ikaleta boti. Boti za ajabu: ukiitoa upepo inakunjwa ikawa furushi la kubebwa mgongoni, ukifika mtoni unaijaza, unakaa ndani peke yako na kasia moja lenye mapanga mawili. Mpango ulikuwa wageni watembee porini, washuke mto, watoke, watembee tena. Walihitaji waongozaji wa kujifunza. Waongozaji wa mlima wote waliangalia viatu vyao. Sisi si watu wa maji, tuseme ukweli. Mimi nikanyoosha mkono.

Mwalimu alikuwa mwanamke wa Kipare, mfupi, mabega mapana, sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde. Alizaliwa kando ya bwawa kule Upareni, baba yake mvuvi, na alijua maji kama sisi tunavyojua udongo. Wapare ni watani wetu. Mtani anaruhusiwa kukutukana hata msibani, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Siku ya kwanza alinitazama kuanzia unyayo.

"Mangi," akasema, maana Mchagga yeyote kwao ni Mangi, "unajua kuogelea?"

"Hapana."

"Unajua kuoga?"

Wenzangu wakacheka. Nikamwuliza swali moja tu: hiki kiboti kinaweza kupita korongoni?

"Kinapita popote maji yanapopita," akasema. "Shida ni wewe kama utapita nacho."

Alinifundisha kuelea kwanza, kwenye maji ya kina cha kifua, akinishika kisogo kama mtoto anayebatizwa. Nilipoacha kunywa maji akanipeleka mtoni kwenyewe. Tulishuka Sanya Juu siku ya soko, tukanunua mahindi na maharage kwa ajili ya makande yake, akabishana na muuzaji mpaka muuzaji akatamani kumpa bure, halafu tukatembea kwenda chini, kwenye pori kavu la miiba, boti mgongoni, tangu asubuhi hadi jua la utosi bila kuona nyumba. Hapo nilikuwa nyumbani. Nilianza maisha kama mgumu, ndivyo tunavyojiita wabeba mizigo wa mlimani, na mzigo ule ulikuwa mwepesi. Nilimpita. Akaniacha nitangulie.

"Tembea tu, Mangi," akanipigia kelele kwa nyuma. "Mtoni tutaonana."

Mto ulikuwa wa kahawia, mwembamba, unakimbia kati ya mawe. Alinionyesha pale maji yanapokaza na kuwa laini katikati, kwamba ndipo pa kupita, na nyuma ya kila jiwe kubwa pana maji yanayorudi juu, unaweza kuingia hapo ukapumzika. Hilo nilielewa upesi. Mtu aliyekulia kwenye mfongo anajua maji yanataka nini. Akasema twende.

Kazi yangu yote ya mlimani ni neno moja: pole pole. Nawaambia wageni pole pole kuanzia getini hadi kileleni. Njia ikiwa mbaya, punguza. Ikiwa mbaya zaidi, punguza zaidi. Nikaona mawe yanakuja, povu linaruka, na miaka yangu yote ya kazi ikaniambia: pole pole. Nikainua kasia. Nikatulia. Boti likageuka ubavu kama ng'ombe aliyekataa kamba, likagonga jiwe, na mimi nikawa chini ya maji nikitazama rangi ya chai.

"Piga kasia!" alikuwa anafoka nilipoibuka. "We Mangi! Mto haupandwi! Ukienda sawa na maji, maji ndiyo dereva. Pita mbio ndipo boti likusikie!"

"Nimpite nani?"

"Maji! Yapite maji! Mungu wangu, Wachagga hawa!"

Nilianguka pale pale mara nyingi, siku hiyo na siku nyingine, safari baada ya safari. Kichwa kilikuwa kimekubali, mikono ilikuwa inangoja kilele. Cha ajabu sikuwa naogopa. Yeye alidhani ni ujasiri, akaanza kunisifia kwa wenzangu. Sikumsahihisha. Mtu mwenye ganzi na mtu jasiri ukiwatazama kwa mbali wanafanana.

Kisha nikafanya kosa lingine, na hili ni la mgumu halisi. Mlimani kitu usichokifunga unakipoteza: upepo, mteremko, mkono wa mtu. Boti lilikuwa mali ya ofisi, na kila nilipoanguka lilikuwa linakimbia peke yake na mimi nalifukuza kwenye miiba. Asubuhi moja ya Julai, baridi, ukungu bado uko juu ya maji, nikachukua kamba ya boti nikajifunga kiunoni, fundo letu la kufungia mizigo, lile lisilofunguka mpaka ulitake lifunguke. Sikumwambia. Niliona ni akili.

Nikaanguka mahali pa kawaida. Boti likapita upande mmoja wa jiwe, mimi upande mwingine, kamba ikakaza. Maji yakanigandamiza pale pale, yanapanda mabegani, yanapita juu ya kichwa, yanashuka kidogo nivute pumzi, yanapanda tena. Mwanzo uliuma. Baridi ile ilinibana kifua kama mlango umefungiwa humo ndani, vidole vikauma hadi kwenye mifupa, na nilitaka kupiga kelele nikashindwa. Baadaye ikaacha. Vidole vikaondoka, miguu ikaondoka, kifua kikaacha kubishana. Nakumbuka nilikuwa nawaza, kwa utulivu kabisa, kwamba kigodoro cha mama kinahitaji kuanikwa.

Mpare alikuja juu ya mawe kwa magoti, akanyoosha kisu, akakata kamba.

Alinikokota ukingoni akanitukana Kipare, halafu Kiswahili, halafu akawasha moto. Nilikaa natazama mikono yangu imekuwa rangi ya majivu. Akaisogeza kwenye moto. Damu ikaanza kurudi, na jamani, yale maumivu! Nililia kwa sauti kama ng'ombe. Si machozi, sauti tu.

"Acha iume," akasema. "Ikiuma ndiyo inarudi. Ingekaa kimya ningekuwa na kazi."

Akapakua makande akaniwekea mbele. Akaningoja nile kijiko cha kwanza.

"Sasa niambie. Unamfuata nani humo majini?"

Nikamwambia. Banio, jembe, korongo, mama, mgomba. Nilisimulia kama naeleza ratiba ya safari: siku ya kwanza geti, siku ya pili kambi. Alisikiliza akichochea moto. Nilikuwa nangoja "pole", nina jibu lake tayari mdomoni.

"Nyie Wachagga," akasema, "hata kufa mnakufa kwa ajili ya shamba."

Nikabaki na kijiko hewani. Tangu masika ilikuwa sentensi ya kwanza kuambiwa ambayo haikuwa pole, na ilikuwa kweli tupu. Kitu kidogo kikasogea ndani, kikatulia tena.

"Korongo hilo tutaingia vuli," akasema, "mvua za kwanza zikiongeza maji kidogo. Kidogo, si mafuriko. Na nikikuona na kamba tena nitakuacha huko huko."

Tukaendelea kujifunza. Nilijifunza kupiga kasia mapema, kuyapita maji mbio, kuinamia jiwe badala ya kulikimbia, kuliacha boti liende zake na kujiokoa kwanza. Oktoba akanitazama nikishuka mawe yote bila kulowa kichwa. Akasema sasa naweza kufa kwa makosa yangu mwenyewe, si kwa ujinga. Kwa Mpare hiyo ni tuzo.

Tuliingia korongoni asubuhi moja ya vuli, mimi na yeye. Jembe lilikuwa bado limesimama pale kwenye banio. Mama alikataza lisiguswe. Mpini ulikuwa umeanza kuota uyoga. Tulijaza upepo boti zetu kando yake.

Nilikuwa nimelifikiria korongo lile kwa miezi, nikalifanya kubwa kama jehanamu. Lilikuwa korongo. Kuta zimelowa, kangaga za mwituni zimening'inia, mbega wawili juu kabisa wanatushangaa. Maji yalikuwa ya baridi kuliko ya kule porini, yanatoka msituni moja kwa moja. Nilipiga kasia. Kila penye maji yanayorudi niliingia, nikasimamisha boti, nikachokonoa chini ya miamba kwa kasia. Kila gogo lililokwama nililigeuza. Mpare alifanya upande wa pili. Tulipata dumu la mafuta, sufuria, mguu wa kiti cha plastiki, fuvu la mbuzi ambalo lilinisimamisha moyo, au niseme lilipaswa kunisimamisha moyo. Tulifika kwenye kidimbwi kimoja kirefu cha kijani, mchanga pembeni, mahali ambapo kama mto ungetaka kuweka mtu ungemweka pale. Nikashuka. Nikaupekua mchanga ule kwa mikono, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, mpaka vidole vikafa tena.

Hapakuwa na kitu.

Mpare alikaa kwenye boti lake akaniacha. Alikuwa hajafanya utani tangu asubuhi. Nikaita jina la mdogo wangu mara moja, kwa sauti ya kawaida ya kumwita mtu aje kula. Ukuta ukanirudishia. Nikapanda boti. Baada ya kona mbili korongo likafunguka, tukakuta wamama wanafua nguo, wakatuuliza kama sisi ni watu wa mradi.

Jioni hiyo hiyo nilipanda nyumbani, nguo bado mbichi. Mama alikuwa amekaa kwenye kigodoro chake, mgongo ukutani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umelowa."

"Nimeingia korongoni, mama. Nimepita lote, juu mpaka chini. Nimetafuta kila mahali mkono unapofika." Nikachuchumaa mbele yake. "Hayupo. Mto umempeleka."

Hakushtuka. Alinyoosha mkono akanishika vidole, ambavyo vilikuwa bado na ubaridi wa mle ndani. Akavikanda kimoja kimoja, kama tulipokuwa wadogo tumetoka kuchunga mvuani.

"Maji yale," akasema, "ni ya baridi sana?"

"Sana."

"Mtu akiwa ndani yake... anasikia nini?"

Hapo nilielewa kwamba muda wote huu, na chai yote ile, hakuna aliyemjibu swali lenyewe, kwa sababu hakuna aliyekuwa analijua jibu. Na mimi nilikuwa nalijua. Nilikuwa nimekaa ndani ya jibu lake, nimefungwa kamba kiunoni.

"Hasikii kitu, mama. Baridi inamfanya ganzi. Vidole vinaondoka, miguu inaondoka. Hakuna kuuma. Unakuwa umetulia tu, unawaza mambo ya nyumbani."

"Mambo ya nyumbani."

"Mimi nilikuwa nawaza godoro lako."

Ile sehemu ya mwanzo sikumwambia. Akaendelea kunikanda vidole muda mrefu. Halafu akasema, "Haya. Mwambie baba yako mkubwa wachimbe. Lakini mgomba nitauchagua mimi."

Alichagua mchare mmoja, mgomba wa ndizi za mtori, nyuma ya zizi, ambao mdogo wangu aliupanda mwenyewe, ulionyooka na haujazaa bado. Yeye pia alikuwa hajazaa. Desemba watu walikuja wote, magari yamejaa njia mpaka kwa jirani. Mchungaji alisema hawezi kuuombea mgomba, ila hakuna andiko linalomkataza kuwaombea watu waliosimama kuuzunguka, akaomba vizuri tu. Mimi ndiye niliyeukata. Mama akauvisha shati lake la kanisani na sweta, akafunga vifungo vyote, hata kile cha shingoni ambacho mdogo wangu hakuwa akikifunga.

Nilipouinua begani nilijua kosa langu. Mgumu akiinua mzigo anajua uzito wake kabla hajasimama vizuri, na mimi nilitegemea mgomba uwe mwepesi. Mgomba ni maji matupu. Ulikuwa mzito kama mtu. Maji yake yakaanza kunichuruzika shingoni hadi mgongoni, ya baridi, na ule utomvu wake ambao ukishashika nguo hautoki mpaka ichakae.

Tulipofika kaburini tulikuta mtu ameketi ukingoni, miguu inaning'inia ndani ya shimo, kanga kichwani. Mpare wangu. Sikuwa nimemwambia siku.

"Hazikwi mtu hapa!" akapaza ile sauti yake. "Mimi mtani wenu nakataa! Wachagga, ubahili gani huu? Mmeona jeneza gharama, mkaona mkate mgomba? Na mchare kabisa! Si mngepika mtori kwanza, tule, mzike maganda?"

Shangazi zangu wa Dar, ambao hawajui tena mila, walifungua midomo. Baba mkubwa akatazama kofia yake. Halafu nikasikia sauti ambayo sikuitambua mara moja, mfano wa mlango usiofunguliwa siku nyingi. Mama alikuwa anacheka.

"Na wewe Mpare," akasema, anajishika ubavu, "umetembea kutoka kwenu kote huko kufuata mtori wa bure? Kwenu makande yameisha?"

Watu wakalipuka. Walicheka wote, wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Mpare akapewa sahani ya chakula na kitambaa cha kufuta machozi, haki yake ya mtani, akatoka kaburini. Tukaushusha mgomba. Mama akapanda isale kwa mkono wake, akalikandamiza kwa kisigino.

Mchana ulipokuwa unapungua na wageni wamehamia kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, niliingia ndani kubadili shati lile la utomvu. Nilimkuta mama chumbani. Alikuwa ametandika kitanda, na lile blanketi langu la mlimani juu yake. Akapanda taratibu, akajilaza, akashusha pumzi. Kigodoro kilikuwa bado pale chini.

"Nikiondoe nikakianike?" nikamwuliza.

"Kiache." Alikuwa ananitazama. "Ile sehemu ya mwanzo hukuniambia."

Nikashika kifungo cha shati.

"Nimeolewa hapa nikiwa msichana. Maji ya mto ule nimeyachota na kuyaoga alfajiri miaka yote hiyo. Najua yanavyoanza."

"Sasa mama, kwa nini uliinuka?"

"Kwa sababu ulikuja umelowa hivyo, mikono ya maiti, unaniambia hakuna kuuma, na uso wako umekauka. Nikaona mto umenichukulia wawili." Akavuta blanketi mpaka kidevuni. "Na mimi nimelala hapo chini muda wote. Wewe ungelala wapi?"

Akageukia ukutani. Nikasimama pale na shati bichi, nasikia watu wanacheka nje. Vidole vikaanza kuuma. Nikapiga magoti, nikajilaza kwenye kigodoro cha mama, kilikuwa bado na shimo la umbo lake, nikamlilia mdogo wangu.